Kumiliki gari-nyumba nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu shughuli za kila siku na matengenezo madogo

Majibu haya yamekusudiwa wale wanaomiliki, au wanaotarajia kumiliki, gari dogo lililotengenezwa ndani ili watu walale, wapike na wasafiri nalo. Yametokana na miaka kadhaa ya kuishi na gari la aina hiyo kati ya Kampala, Jinja, Kabale na kaskazini. Kanuni moja inarudi katika karibu kila jibu: kifaa chochote unachokifunga ndani ya gari kiwe kile ambacho fundi wa senta ya njiani, yaani mji mdogo wa biashara, anakifahamu na anaweza kukipatia kipuri.

Ni gari gani linafaa kugeuzwa kuwa nyumba hapa nchini?

Jibu langu ni Toyota HiAce, na sababu yake si uzuri wa gari hilo. Karibu taksi zote za abiria 14 unazoziona katika stendi za Kampala, Masaka au Mbale ni za familia hiyo, kwa hiyo breki pedi, bushi, shokomzoba, springi na filta zake zinapatikana hata katika miji midogo, na fundi wa huko amekwisha kuzibadilisha mara nyingi. Gari la kifahari lililojengwa Ulaya likiwa na jiko, bafu na vitanda tayari linavutia sana, lakini kipande kimoja cha plastiki kikivunjika utasubiri wiki nyingi mpaka kifike.

Kama unaagiza kutoka Japani, zingatia kwanza umri wa gari. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria inayozuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, na wanunuzi wengi huangalia bei wakasahau mwaka. Ukinunua katika bondi za Kampala, yaani yadi za magari yaliyoagizwa kutoka nje, gari ambalo tayari limeingia nchini, omba kuliona asubuhi kabla injini haijawashwa, kisha lala chini uangalie kutu kwenye chasisi, hasa sehemu za nyuma ya magurudumu. Injini mbovu hubadilishwa, ila chasisi iliyoliwa na kutu itakusumbua kwa muda wote utakaokuwa na gari hilo. Ukibadilisha rangi, injini au umbo la gari, peleka taarifa kwa mamlaka ya usajili ili kitabu cha gari kilingane na gari lenyewe, kwa sababu tofauti hiyo itakusumbua mpakani na siku ya kuuza.

Nimpeleke fundi gani, na kazi zipi?

Hakuna fundi mmoja anayejua gari-nyumba lote, na ni kosa kumtafuta. Gawa kazi. Vipuri vya gari hutafutwa Kisekka, jirani na Nakivubo. Kazi za chuma kama fremu ya kitanda, kibebeo cha juu au mlango wa sanduku la gesi hufanywa vizuri Katwe, ambako watu wamefua na kuchomelea vyuma kwa miongo mingi. Mbao na plaiwudi nunua Ndeeba, na uchague mwenyewe ubao mmoja mmoja, kwani ubao mbichi utapinda ndani ya gari mara litakapopigwa na jua la mchana.

Ukienda Kisekka, beba kipuri cha zamani mkononi. Maelezo ya mdomo huzaa makosa, na muuzaji akiona kitu chenyewe hukulinganishia papo hapo. Mwambie fundi akufungie kipuri huku ukitazama, akurudishie kile kibovu, na mpatane bei ya kazi kabla hajafungua bolti ya kwanza. Kwa fundi wa umeme ninaongeza sharti moja: achore kwenye karatasi njia ya kila waya aliyoipitisha. Nimebandika mchoro wetu ndani ya mlango wa kabati, na umekwisha kutusaidia mara mbili usiku, wakati fundi aliyeuchora alikuwa mbali.

Kwa nini friji inazimika usiku ilhali betri inaonyesha ina chaji?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko mengine, nami lilinisumbua kwa miezi miwili. Nilibadilisha betri, nikabadilisha kidhibiti chaji, na karibu ninunue friji nyingine. Hatimaye fundi mmoja mzee wa Jinja alichukua kipima umeme, akaweka ncha zake kwenye betri, akasoma volti 12.3, kisha akazihamishia kwenye plagi ya friji wakati kompresa inazunguka, akasoma volti 11.2. Volti moja na zaidi ilikuwa ikipotea njiani. Alifuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya kabati, akakuta mahali ambapo nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imelainika kwa joto na shaba ndani yake imegeuka kijani. Friji ilikuwa ikijizima yenyewe ili kulinda betri, kwa sababu umeme uliofika kwake ulikuwa hafifu.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Katika umeme wa volti 12, friji ya wati 45 huvuta karibu ampea 4, na mkondo huo ukipita katika waya nyembamba kwa mita tano kwenda na mita tano kurudi, sehemu ya nguvu inageuka joto ndani ya waya. Waya ya milimita 1 ya mraba hupoteza karibu volti 0.7 katika umbali huo. Ya milimita 4 hupoteza chini ya 0.2. Mafundi wengi waliozoea umeme wa nyumba wa volti 240 hutumia waya ya taa kwa sababu kwao inatosha, na katika nyumba kweli inatosha. Kwa hiyo nunua waya mwenyewe, uwe mnene kuliko unavyodhani unahitaji, na kila kiungo kibanwe kwa kishikizo cha chuma badala ya kusokotwa. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, katika kila waya inayotoka upande wa chanya, maana waya ikikwaruzika kwenye bati kabla ya kufika kwenye fyuzi hakuna kitakachozuia moto.

Nahitaji paneli za sola na betri kiasi gani?

Anza na hesabu ya matumizi. Friji hiyo ya wati 45, ikifanya kazi nusu ya siku, hutumia takriban wati-saa 540. Ongeza taa, simu na pampu ya maji, utakaribia 650. Hapa karibu na ikweta paneli ya wati 100 iliyolazwa juu ya paa hutoa kama wati-saa 400 katika siku ya jua zuri, baada ya kutoa kinachopotea. Kwa hiyo paneli moja haitoshi, na mbili zinatosha bila anasa. Faida yetu ni kwamba jua hupita karibu utosini mwaka mzima, hivyo hakuna haja ya kuinamisha paneli kama wafanyavyo watu wa Ulaya. Adui mkubwa ni vumbi la marram, yaani udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, ambalo hufutwa kwa kitambaa chenye maji kila baada ya siku mbili za safari.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa jina, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara utaiua mapema. Ikipumzika bila kazi, volti 12.7 maana yake imejaa, na 12.2 maana yake imefika nusu. Betri za lithiamu za chuma na fosfeti hustahimili kushushwa zaidi na ni nyepesi, ila bei yake ni kubwa na zinahitaji kidhibiti chaji kinachozifaa. Kwa mtu anayesafiri wikendi tu, betri mbili za asidi zinatosha.

Je, ni ungwana kuomba kuchaji nyumbani kwa mtu?

Ni ungwana ukilipa. Nyumba nyingi hutumia mita za Yaka za kulipia kabla, na kila yuniti unayoivuta mwenye nyumba ameinunua. Ninapofika kwa wenyeji humwomba mama mwenye nyumba namba ya mita, nikanunua yuniti kwa simu kabla ya kuchomeka waya, naye huziingiza mwenyewe. Wenyeji wengi hukataa mara ya kwanza kwa adabu. Sisitiza kwa upole.

Gesi ya kupikia ijazwe wapi, na usalama wake ukoje?

Mitungi hapa hubadilishwa kwa kampuni: unarudisha mtupu, unapewa uliojaa wa kampuni hiyo hiyo. Vichwa vya mitungi hutofautiana, kwa hiyo regyuleta ya kampuni moja huenda isikae kwenye mtungi wa nyingine. Chagua kampuni ambayo vituo vyake vya mafuta unaviona katika njia zako, sio ile yenye bei ndogo Kampala peke yake. Mtungi ulioletwa kutoka Ulaya hautabadilishwa hapa, hivyo anayekuja na gari kutoka nje anunue mtungi na regyuleta za huku mara afikapo. Sisi ni wawili, na mtungi wa kilo 6 hututosha wiki nne hadi tano tukipika mara mbili kwa siku.

Sasa usalama, na hapa naomba nisomwe kwa makini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kutoka kwenye dirisha la paa. Hutulia sakafuni, chini ya kitanda, ikingoja cheche. Sanduku la mtungi ni lazima litengwe na chumba cha kulala na liwe na tundu sehemu yake ya chini kabisa linalotokea nje ya gari, mbali na ekzosti. Tundu hilo huzibwa na matope ya safari, kwa hiyo lichunguze kila unapoosha gari. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo na kando ya mpira wote. Mapovu yakikua, funga mtungi na usiwashe kitu chochote, hata taa. Kamwe usijaribu kwa kiberiti.

Pia usiingize sigiri ndani ya gari, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu bila moshi, hata kama ni usiku wa baridi wa Kabale na watoto wanatetemeka. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na gari lililofungwa madirisha hujaa kwa muda mfupi. Ongeza mablanketi.

Maji nayapata wapi, na tanki lisafishwe vipi?

Kipimo cha maji nchini ni jerikeni ya lita 20. Tanki la lita 60 ni jerikeni tatu, nazo ni kilo 60 juu ya ekseli, kwa hiyo usijaze tanki kabla ya barabara mbaya kama kuna maji uendako. Mijini chukua maji ya bomba la Shirika la Taifa la Maji kwenye kituo cha mafuta au kwenye vibanda vya kuuzia maji. Vijijini kuna visima vya pampu. Panga foleni kama wengine, uwaachie nafasi watoto waliotangulia.

Usijaze tanki kwa maji ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, Ziwa Albert au Mto Nile, na usisimame humo ukijaza jerikeni, kwa sababu kichocho huingia kupitia ngozi. Kama hakuna njia nyingine, maji hayo yachemshwe kabla ya matumizi yoyote.

Kusafisha tanki: mara moja kwa miezi mitatu, weka takriban mililita 80 za dawa ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, katika tanki la lita 60 lililojaa. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu ya dawa, acha ilale usiku kucha, kisha mwaga na usuuze mara mbili. Wengi husahau mpira unaotoka kwenye pampu, na ndimo utelezi wa kijani unamoanzia.

Kwa nini maharage hayaivi vizuri Kabale?

Kwa sababu ya mwinuko. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka huko kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93. Loweka maharage usiku au tumia sufuria ya presha, na utaokoa gesi nyingi. Maji ya kunywa huko juu yachemke dakika tatu.

Choo kinamwagwa wapi?

Choo cha kubebeka kinaweza kumwagwa katika choo cha shimo, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa malipo madogo. Tumia dawa kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu dawa kali huua vijidudu vinavyosaga kinyesi ndani ya shimo au tanki la majitaka. Usimwage vichakani, mtoni wala kwenye mfereji wa mvua, hata usiku.

Paa linavuja. Nianzie wapi?

Anzia mbali na mahali unapoona tone. Katika msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, tukipanda kutoka Mbarara kuelekea Kabale, maji yalianza kudondoka kwenye mto wa kulalia upande wa kushoto. Nilipaka gundi juu ya mahali hapo hapo mara tatu bila mafanikio. Siku ya jua nilimwomba kijana mmoja amwage maji kwa mpira taratibu, sehemu moja baada ya nyingine, akianzia chini kwenda juu, nami nimelala ndani na tochi. Alipofika kwenye dirisha la hewa, zaidi ya mita moja kutoka kwenye mto, tone likatokea baada ya dakika nne. Skrubu moja ya fremu ilikuwa imelegea kwa mtikisiko, na gundi iliyoizunguka ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Maji yaliingia hapo, yakatembea juu ya plaiwudi, yakatokea yalipoona mteremko.

Dawa yake ni kutoa skrubu, kukwangua gundi yote ya zamani, kusafisha kwa spiriti, kuacha pakauke kabisa, kisha kupaka gundi ya poliyurithani na kurudisha skrubu. Epuka silikoni ya bafuni kwenye paa. Hushika vibaya kwenye rangi ya gari, na ikishapakwa huacha mafuta yanayokataa gundi nyingine yoyote baadaye. Fanya kazi hii Januari au Februari, kabla ya mvua, na uchunguze tena kabla ya Septemba.

Matairi na barabara za marram zinahitaji uangalizi gani?

Gari-nyumba limebeba uzito wake wote kila siku, tofauti na taksi inayoshusha abiria jioni, kwa hiyo nunua matairi yaliyotengenezwa kwa magari ya mizigo, yenye herufi C mwishoni mwa saizi. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Duka linaweza kukuuzia tairi lenye kashata nzuri lililokaa stoo miaka sita, na mpira uliozeeka hupasuka kwa joto.

Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka. Marram yenye mikunjo hulegeza kila kitu, hivyo baada ya kilomita mia za barabara hiyo kaza nati za magurudumu, bolti za betri na bawaba za makabati. Huko Karamoja, udongo mweusi ukinyeshewa hujaza nafasi kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu linakwama. Subiri kukauke, hata kama ni siku nzima.

Nibebe nini kwa ajili ya polisi na kwa ajili ya dharura?

Leseni, bima ya mtu wa tatu, kizima moto na pembetatu mbili za tahadhari. Anayeingia na gari la Kenya au Tanzania awe na Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya mtu wa tatu inayotambulika nje ya nchi gari lilikosajiliwa. Kwa matengenezo mimi hubeba kipima umeme, fyuzi za kila saizi, mkanda wa feni, mita tano za mpira wa maji na vibano vyake, chupa ya maji ya rejeta, na jeki pamoja na kipande cha ubao mpana wa kuiwekea chini, kwa kuwa jeki peke yake huzama kwenye udongo.

Ni wapi pa kulala kwa usalama?

Kambi za Mamlaka ya Wanyamapori ndani ya hifadhi, kambi binafsi za Jinja, Entebbe na Sipi, au uani kwa mtu unayemfahamu. Nikichelewa njiani huomba kituo cha mafuta chenye mlinzi, nikimweleza mlinzi mwenyewe na kumpa chai asubuhi. Kijijini, mjulishe mwenyekiti wa mtaa kabla jua halijazama. Akijua kuwa upo, kijiji kizima kitajua kuwa wewe ni mgeni wake.

Ndani ya hifadhi usiache matunda garini. Tembo hunusa embe na nanasi kutoka mbali, na bati la gari halimzuii. Nyani nao huingia kupitia dirisha lililo wazi kidogo tu. Kwenye kambi ya Mweya, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, viboko hupanda kutoka mfereji wa Kazinga kula nyasi usiku, kwa hiyo choo kiwe ndani ya gari na mlango usifunguliwe gizani bila kumulika kwanza.

Mbu na mbung'o wanazuiwaje?

Funga wavu kwenye kila dirisha na kwenye tundu la hewa, ushikwe kwa sumaku ili utoke kwa urahisi. Mbung'o wa Hifadhi ya Murchison huvutwa na vitu vinavyotembea na rangi ya buluu na nyeusi. Katika maeneo yao funga madirisha mwendoni, na usivae wala kutundika nguo za rangi hizo.

Gari litakaa miezi mitatu bila kutumika. Nifanye nini?

Mwaga maji yote, acha mabomba wazi na mlango wa friji ukiwa umeegemezwa kitu usijifunge, funga mtungi wa gesi na utoe regyuleta. Chomoa upande wa hasi wa betri ya injini. Ile inayolisha friji na taa iache kwenye paneli kama gari liko juani. Jaza tanki la dizeli ili unyevu usipate nafasi ya kuganda ndani, ongeza upepo kidogo kwenye matairi, na usivute hendibreki muda wote huo, tumia vigingi vya mbao. Ziba kwa wavu wa chuma matundu yote ya sakafuni yanayoingia chumbani ili panya wasipande kula nyaya, lakini lile la sanduku la gesi lifunike kwa wavu wenye macho makubwa, libaki likipitisha hewa.